Wewe Debe, Mwambie Mwenyewe

Mama Mkwe wangu mpendwa,

Usishtuke. Barua hii naiandika nimegeuzia mgongo upande wa Mamba, kijijini kwenu ulikolala, asije mtu akasema mkweo amepoteza adabu kwa kuwa umeondoka. Heshima iko palepale. Ila nina habari, Mama, habari yenyewe ya leo asubuhi, na nikiinyamazia nitapasuka kama boga lililosahauliwa juani. Lakini sitaisema kwanza. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kitu kizuri haking'olewi kabla ya wakati wake.

Unakumbuka ulivyofika hapa Mpanda? Ulishuka kwenye lori la mchele, una kifurushi kichwani na kuku kwapani, ukamkuta Kristina wako, mke wangu, ana mimba ya miezi saba na uso mweupe kama karatasi. Nesi alikuwa amemfunua kope akasema, "Humu damu hakuna. Ale mboga za majani kila siku, siyo siku moja moja." Kila siku! Na kiangazi kile, sokoni ungekuta mchicha mafungu mawili, umenyauka kama tai ya karani, na wanaougombania watu kumi.

Wewe ulitoa hukumu siku hiyohiyo. Si kwangu, Mungu apishe mbali, mkwe hasemi na mkwe, wala hamtazami usoni. Ulimwambia Kristina kwa sauti ya kutosha kuvuka ukuta: "Mwezi ukiandama tena na hapa hapana mboga, tunapanda lori, unakwenda kuzalia kwetu. Mtu halishwi sifa."

Mimi nilikuwa kibarazani. Nikajibu kwa ukuta, kifua mbele: "Mwambie mama atulie! Mimi nimefika Dar es Salaam mara mbili. Nimeona Wahindi wanalima pilipili ghorofani, kwenye makopo! Kibaraza hiki kitalisha kota zote za reli!"

Kibaraza chenyewe unakijua. Saruji tupu, kitanda kimoja kikilala, kimejaa. Redio ilikuwa inatuhimiza kila siku kila mtu alime, nami nikawa najiuliza nalima wapi, kwenye kofia? Lakini mdomo ulikuwa umeshatangulia, ikabidi mwili ufuate. Nilipata madebe matatu ya mafuta ya kupikia. Nikaenda mpaka njia ya Kasokola kwa rafiki yangu Masanja, Msukuma mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, nikajaza gunia samadi.

"Hiyo ya leo," akasema Masanja. "Bado ya moto."

"Ndiyo nzuri, ina nguvu!" nikamwambia. Darasa la nne langu lilikuwa linasema hapo, Mama. Masanja akaniangalia, akamwangalia ng'ombe wake, akaona heri azungumze na ng'ombe.

Ukanipa mbegu za mchicha ulizozifunga kwenye pindo la kanga, ukampa Kristina, Kristina akanipa mimi. Nikamwaga nusu kwenye madebe. Nikamwagilia asubuhi, mchana na jioni, maana mapenzi yangu hayana kipimo. Siku ya nne zikachomoza, nikaita majirani. Siku ya nane zilikuwa zimeungua, na ndani ya madebe maji yamesimama, yananuka kama kinywa cha mamba wa mto Katuma.

Ndipo nikakusikia. Ulikuja kibarazani, ukakohoa kidogo kama kawaida yako, nami nikageukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Nikasikia kidole chako kinagonga bati.

"Wewe debe," ukasema, "mwambie mwenyewe hivi. Samadi mbichi inaunguza. Achukue ile ya zamani, iliyo chini ya zizi, iliyokwisha kuwa udongo. Kopo moja la samadi kwa makopo mawili ya udongo wa kichuguu. Na wewe, debe, hivi una njia ya kutolea maji? Huna. Basi mwambie akutoboe chini kwa msumari, akuwekee kokoto, akunyanyue juu ya matofali."

Mimi pua ikiwa ukutani nikasema, "Debe, nimesikia. Mwambie mama kwamba kule Dar..."

"Debe, mwambie Dar ni mbali."

Kristina alicheka ndani mpaka akashika tumbo. Mama, ile ndiyo mara ya kwanza katika wiki tatu nilimsikia mke wangu anacheka.

Tangu hapo, hakuna shule niliyosoma kama ile. Maji ya kuoshea mchele hayakumwagwa tena, yalikwenda kwenye madebe. Jivu la jikoni lilinyunyizwa juu ya majani kufukuza wadudu. Mchana ulifunika kwa nyasi, jioni nikafunua. Ulifanya zamu yako mimi nikiwa kituoni napungia treni bendera, na nikirudi nilijua ulichofanya kwa kutazama tu: tofali limesogezwa kivulini, udongo umepigwapigwa kwa vidole. Watu wengine huandikiana barua. Sisi tuliandikiana udongo.

Ila kosa moja sikukwambia. Zile mbegu zilizobaki, kwa hofu ya mwezi, nilizimwaga zote. Kiganja kizima katika madebe matatu! Nikasema zikifa hizi zitabaki zile. Hazikufa hata moja. Zikaota zimesongamana kama abiria wa daraja la tatu, nyembamba, zimenyooshana shingo, hata jani la kumtosha panya hakuna.

Na mwezi ukaandama.

Jioni ile sitaisahau. Niliuona kabla yako, kijipande chembamba juu ya paa la kituo, nikatamani nikisimamishe kwa bendera nyekundu. Nilipofika nyumbani nikakuta kifurushi chako kimefungwa, kiko mlangoni, na cha Kristina pembeni yake. Lori lilikuwa linaondoka asubuhi. Ile barabara na mimba ile, bila damu! Usiku mzima wa mashimo mpaka Mamba. Niliogopa, Mama. Niliogopa njia, na zaidi niliogopa kwamba akifika hatarudi, maana nani anarudi kwa mwanamume wa maneno?

Nikapiga magoti mbele ya debe. Nilikuwa najua uko nyuma ya mlango. Mdomo wangu, uliopita stesheni zote kutoka hapa hadi Dar, ukakosa njia.

"Debe," nikasema, "mwambie mama nimeshindwa. Mboga hazijawa tayari. Nilijisifu, basi. Amchukue, mradi apone. Ila asimwambie kwamba sikujaribu."

Nikasikia kanga inasugua ukuta. Nikafumba macho upesi, heshima ni heshima. Ukainama karibu yangu, mgongo wako ningeweza kuugusa, nikasikia mchicha unang'olewa: tip, tip, tip.

"Wewe debe," ukasema, na sauti yako haikuwa ya jana, "mwambie mwanangu hivi. Mbegu zikisongamana hungoji zikue. Unazipunguza. Hizi unazong'oa ni mboga tayari, laini kuliko zote. Zilizobaki zinapata nafasi, zinanenepa. Kesho unapunguza debe la pili, keshokutwa la tatu, halafu la kwanza limerudi. Mwambie hajashindwa. Mwambie ana mboga ya mwezi mzima na hajui."

Ulisema "mwanangu". Nilifungua macho, nikaona kisigino chako tu kinaingia ndani. Kisha nikasikia kifurushi kinafunguliwa.

Ulipika ule mchicha na karanga za kutwanga na dagaa wa Karema. Sufuria zima lilikuwa la Kristina, mimi nikapewa kulamba mwiko, na sijala kitu kitamu hivyo, hata hotelini Tabora walikonipa kitambaa cha kufutia mdomo. Kila siku akala. Nesi akamfunua tena kope, akauliza, "Nyie mnanunua wapi mboga?" Nikamwambia aje aone, na akaja! Akazaa hapahapa Mpanda, mtoto wa kike, analia kama honi ya treni. Nikampa jina lako, Yusta.

Mama, kwenye mazishi yako, Yusta akiwa bado wa kubebwa mgongoni, nilikaa mbali pamoja na wakwe wanaume, na jeneza lilikuwa limefungwa. Kwa hiyo nimekuzika bila kukuona. Najua sauti yako, kikohozi chako, kisigino chako. Uso sikuujua. Hilo limenikaa rohoni miaka hii yote, mimi ninayejisifu nimeona kila kitu.

Sasa habari yangu. Kibaraza kina madebe kumi na moja leo! Karai lililotoboka lina nyanya, gunia limesimama wima matembele yanaangukia pembeni kama ndevu, na kota nzima wameniiga, ingawa nawaambia nilijifunza Dar. Asubuhi nilichelewa kumwagilia. Nikiwa nafunga viatu nikasikia kidole kinagonga bati. Tok, tok.

"Wewe debe," sauti ndogo ikasema, "mwambie baba una kiu."

Nani alimfundisha? Si mimi. Kristina anaapa si yeye. Nikatoka. Nilitaka kugeukia ukutani, mazoea, halafu nikakumbuka huyu ni mtoto wangu, naruhusiwa. Yusta akageuka, mikono kiunoni, amekunja uso kwa hasira, na Kristina mlangoni akaziba mdomo. "Mungu wangu," akasema, "huyo ni mama. Huyo ni mama mtupu."

Basi nikatazama, Mama. Nikatazama mpaka nikashiba.

Ulikuwa mzuri.

Lala vizuri kwa watu wako. Mimi naenda kuteka maji, debe limeshaniambia.

Mkweo wa kibarazani, uliyemwita mwanao.