Ukuta wa Seli

Nakawa, 21 Aprili 1977

Ndugu yangu Saverio,

Nakusalimu sana, na shemeji yako Adong, mke wa Otema, anakusalimu. Je, kile kifua chako kimepona huko Kisumu? Sisi ni wazima, ila mtaa wa Bwaise umefurika tena na viatu vyangu vimeoza.

Barua yako tumeisoma. Unasema kaka yako Otema alikamatwa kwa sababu wewe uliacha polisi ukavuka mpaka, na sasa unataka kurudi ujisalimishe ili wamwachie. Adong alilia. Tafadhali, nisome kwanza mpaka mwisho.

Ulizoea kutucheka mimi na Otema kwamba tunalipwa kutazama majani yakikua. Basi kazi yenyewe ni hii. Mmea umejengwa kwa seli, vijumba visivyoonekana kwa macho, na kila kimoja kina ukuta. Ukuta ukikaza mno, mche unadumaa. Lazima ulegee kidogo seli irefuke, kisha vimeng'enya, mafundi wadogo walio ndani ya mmea, viujenge upya. Mwaka huu Otema alivizuia vimeng'enya hivyo kwa dawa, na mtama ukatoka mfupi, mnene, wa kuchekesha. Alifurahi mno, maana alilitafuta jibu hilo miaka minne.

Siku ile askari watatu walikuja kukagua maabara. Otema alikuwa chumba cha pili, wakaniuliza daktari huyu anafanya kazi gani. Nikajibu kwa Kiswahili changu cha kujivuna kwamba anatafuta namna ya kulegeza ukuta wa seli. Mkubwa wao akauliza seli ngapi. Nikasema nyingi, maelfu.

Saverio, niliuona uso wake nikajua anafikiria seli za mahabusu. Neno chembe, jina jingine la seli za mmea, lilikuwa mdomoni mwangu, lingetosha kumwokoa. Lakini mimi Mkongo sina kibali cha kuishi hapa, nikaogopa wataniuliza karatasi. Nikanyamaza, wakamchukua. Wewe nilikudanganya, na Adong pia, kwamba sikuwepo. Naona aibu kubwa.

Jina lako hawakulitaja hata mara moja. Usirudi. Alal, mpishi wa kambi ya askari alikofungwa Otema, alimwona juzi, yu hai. Jumatatu nitakwenda huko mwenyewe nikawaeleze nilichokisema. Adong nimemwambia asubuhi hii. Alichukua shati langu la kuvaa Jumatatu akalipiga pasi.

Umshukuru Julienne kwa kukubebea barua hii, na uwasalimie wote mnaokaa nao.

Ni mimi,
Ambroise Bisimwa