Namba ya Mwisho

Monterrey, 20 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ni joto tu la huku. Magoti yako yanaendeleaje?

Shangazi ameniambia umeingia tena kwenye tanda, huo upatu wenu, na umechukua namba ya mwisho. Mama, mimi nafanya kazi benki. Wenzako wote watapokea kabla yako, bila saini wala dhamana. Mmoja akikimbia, tanuri jipya unalotaka kununua limekwenda. Jitoe mapema, tafadhali.

Mwanao,
Nereyda

Juchitán, 29 Agosti

Nereyda mwanangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika, ila bado yananifikisha sokoni.

Umesoma mpaka umesahau maana ya tanda? Totopo, vile vimkate vyetu vikavu vya mahindi, zinazotoka tanurini pamoja ni tanda. Wachezaji wakipokezana kupiga penalti, ni tanda. Na pesa ni hivyo hivyo: kila Jumamosi sote tunatoa, mmoja anabeba. Namba ya kwanza hupewa mwenye shida; ya mwisho huchukua anayewaamini wenzake. Nikikosa wa kumwamini hapa, kwa hilo tanuri nimwokee nani?

Bi Herlinda jirani anakusalimu. Namba yake ni ya tatu, anataka paa.

Mama yako

Monterrey, 9 Septemba

Mama,

Leo salamu zimenishinda. Nimesikia habari za tetemeko, na simu yako haipatikani. Niandikie hata neno moja. Hiyo tanda isahau, nitakutumia pesa.

Mwanao

Juchitán, 24 Septemba

Mwanangu,

Mimi mzima, Mungu ashukuriwe. Nalala uani chini ya turubai. Nusu ya nyumba imeanguka. Bi Herlinda ametutoka, ukuta ulimwangukia.

Jumamosi ile baada ya tetemeko nilitoa kiti nikakaa barabarani, mahali petu pa siku zote. Nikajiambia, nani atakuja leo? Wakaja wote. Mmoja alileta noti zimejaa vumbi. Mwingine hakuwa na kitu, akaleta kuku. Hakuna aliyeuliza kama tunaendelea.

Ilikuwa zamu ya Bi Herlinda. Tulimpa binti yake, Yazmín, naye akarudisha mikono nyuma. "Mama hayupo tena. Namba yake si imekwenda naye?"

Bi Eustolia, mwenzetu wa tanda ambaye hana hata ukuta mmoja uliosimama, akamwambia, "Namba haifi, mwanangu. Pokea."

Nimeishi miaka mingi, Nereyda, na sijawahi kuona jambo kama lile. Nilivua shela kichwani nikalia. Sasa Yazmín ndiye anayetoa kila Jumamosi mahali pa mama yake.

Mama yako

Monterrey, 3 Oktoba

Mama yangu,

Shikamoo. Pole kwa msiba, na Yazmín mpe pole zangu.

Barua yako niliisomea kazini, na kwa muda sikuweza kuhudumia mtu. Tuna kabati zima la dhamana hapa, na bado hatulali usingizi. Nimejaribu kuhesabu watu wa huku ambao ningewapa pesa nikae kungoja zamu yangu. Nimepata wawili.

Tanda hii ikiisha, nyingine ikianza, niandikishe na mimi. Nitakuwa natuma kila wiki. Wewe chukua namba ya kwanza, una nyumba ya kusimamisha. Ya mwisho niachie mimi.

Mwanao,
Nereyda