Presha Nzuri ya Mama

Wamaza

Yaya Magloire, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Wamaza. Natumaini wewe, wifi yangu Laura na watoto mko wazima huko Lusangi, na mvua haijajaza mashimo yenu ya kuchimba madini. Sisi tunapumua, muhogo umetoka vizuri. Lakini moyo wangu unachemka, Yaya, sitakuficha.

Jicho la kushoto la mama limekufa kabisa. La kulia limebaki na kijitundu tu cha katikati.

Unajua alivyokuwa analalamika: sufuria iliyo mbele yake anaiona, mtu anayetokea ubavuni hamuoni, mlango anaupiga bega. Nikampeleka Kasongo kwa pikipiki, matope mpaka magotini. Daktari wa macho wa huko alimtia dawa ya ganzi, akamgusisha kile chombo chake jichoni, akasema presha ya macho iko nzuri, ni uzee tu. Tukarudi tena. Akapima, akasema vile vile. Nyuma ya jicho hakuangalia hata mara moja. Na wewe kwa simu ukasema mama aache kusumbua watu.

Mwezi uliopita waganga wa macho wa hospitali walifika Kabambare. Dokta mmoja wa kike, Sarah-Grâce, alichungulia nyuma ya jicho, akasema ni glakoma, presha inaua mshipa wa kuonea. Kisha akapima unene wa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho. Ya mama ni nyembamba sana. Akatueleza kwamba chombo cha presha kinabonyeza hapo, kama unavyobonyeza mpira wa baiskeli kwa kidole. Mpira mwembamba unabonyea upesi, unadhani upepo ni kidogo, kumbe umejaa. Mwenye konea nene naye hupata namba kubwa kuliko kweli. Ndiyo maana namba peke yake haitoshi, lazima mshipa wa nyuma ya jicho uangaliwe.

Nikamrudisha mama Kasongo. Yule daktari sikumsalimu. Nilimwambia mgonjwa wake amepofuka mikononi mwake. Akajibu kwamba namba ilikuwa nzuri. Mama akamwambia polepole: "Mimi nilikuwa nakuambia sioni. Wewe ulikuwa unaongea na mashine." Daktari hakuomba hata radhi.

Sasa sikia kilichonishikisha kalamu. Sarah-Grâce alinipima na mimi. Konea yangu ni kama ya mama, na ugonjwa umeshaanza kula pembeni ya jicho langu. Hauumi, sikujua kitu. Nimeanza dawa ya matone. Dokta anasema ugonjwa huu unatembea katika damu ya ukoo.

Yaya, siku ile ulipoanguka na pikipiki ulisema mbuzi alitokea ghafla upande wa kushoto. Laura, uliyekuwa umempakia nyuma, aliniambia mbuzi huyo alikuwa amesimama pale, yeye alimwona tangu mbali.

Njoo Kabambare kabla waganga hawajaondoka. Na usiniambie kwamba ulishapimwa, presha ikawa nzuri.

Mama anawasalimu wote. Anasema uje upesi, angali anaweza kuuona uso wako.

Mdogo wako,
Dieudonnée