Ndevu za Bibi Yangu

Mjukuu wangu Robi,

Huku Nyanungu hatujambo, na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Umeuliza kama kuna mwanamke mwingine kwetu aliyeota ndevu. Yupo, ni mimi.

Zilianza nikiwa msichana, mwaka tuliohamishiwa kijiji cha ujamaa. Nilizing'oa kwa majivu, kidevu kikatoka vidonda, nazo zikarudi. Mama akasema, "Ni bibi yako mwenye ndevu, uliyepewa jina lake. Tumemwacha kaburini peke yake, sasa anakufuata."

Tukarudi kwenye boma letu la zamani. Nyumba hazikuwa na paa, lakini uwanja ulikuwa umefagiwa. Mama akamwaga pombe ya wimbi kaburini. "Mama, chukua ndevu zako, utuachie mtoto."

Upepo ukakatika. Nikahisi vidole vya baridi vikinipapasa kidevu, polepole, kama bibi alivyotutambua alipokuwa kipofu. Nilipogeuka, mama alikuwa mbali, amenipa mgongo.

Ndevu hazikuondoka. Baadaye mganga wa zahanati alisema mara nyingi ni damu ya ukoo tu. Lakini wewe, kama siku zako zinaruka, nenda hospitali wakupime, dawa zipo. Na ukitaka kunyoa, nyoa. Wembe hauzizidishi, mimi nimenyoa miaka yote.

Macho yangu nayo yamekwisha, barua hii ananiandikia mama yako. Ukija Krismasi nitakupapasa kidevu nijue ni wewe. Nikiwa nimeshaondoka, usishtuke ukiguswa.

Bibi yako,
Robi