Kaburi la Lalla Tawnza

Mdogo wangu mpenzi Hsayn,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lyon, wewe, mkeo na watoto, na kwamba lile goti halikusumbui tena. Sisi huku mlimani hatujambo, ila theluji imewahi na kuni zimekuwa adimu. Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu ungecheka, nami ningeishia njiani.

Tangu tulipomzika mama, ufunguo wa ziara, ile nyumba ya kaburi la walii wetu Lalla Tawnza, ulibaki kwangu. Unakumbuka wanawake walivyokuwa wakija kulala pale ili wapate ndoto, na mama akawapikia na kuwafasiria. Miaka ya karibuni waliacha kuja. Mgonjwa anakwenda hospitali, mwenye swali la dini anamsikiliza shekhe kwenye simu yake. Vijana wengine wamekuwa wacha Mungu kuliko babu zao, wengine Ramadhani hawafungi tena, na wote wanakubaliana jambo moja tu, kwamba mama alikuwa akipotosha watu.

Kiangazi kilichopita imamu wetu mpya, Abdelwahed, alikuja kwangu kwa adabu. Alisema kaburi lile limeinuliwa kupita sheria, na vijana wa msikiti wangependa kulisawazisha. Sikubishana naye. Nilikuwa nimechoka, na moyoni sikuwa na hakika kwamba amekosea.

Walilibomoa baada ya swala ya alasiri, mimi nimesimama mlangoni. Chini ya kitambaa cha kijani na chokaa palikuwa na udongo kidogo, kisha mwamba. Mwamba mzima, Hsayn, haujawahi kuchimbwa. Hapakuwa na mfupa wala uzi wa sanda. Vijana walicheka, mmoja akasema bibi zao walikuwa wakililia jiwe. Imamu peke yake hakucheka. Aliamuru udongo urudishwe na mlango ufungwe, na kwa kuwa hakuna aliyeniomba ufunguo, nilirudi nao nyumbani.

Wa kwanza kuja alikuwa Ghizlane, mwenye duka la dawa hapa kwetu, mtu wa Casablanca, asiyeswali wala hafichi kwamba haswali. Aliniuliza kama mzaha ni nani yule bibi anayemjia usingizini na kumuuliza kwa nini amefungiwa. Nikadhani amechanganya maneno ya watu na uchovu wake. Nikampa chai, tukazungumza mengine.

Kisha akaja imamu. Alikaa ukingoni mwa busati kama mtu anayetaka kuondoka, akaniomba nisimwambie mtu. Ndipo akauliza, “Mama Itto, huyo Lalla Tawnza wenu alikuwa na jicho moja jeupe?”

Nilimjibu kwamba hakuna aliye hai aliyewahi kumwona Lalla Tawnza. Mwenye jicho moja jeupe alikuwa mama yetu. Wewe unajua mama hakukubali kupigwa picha maisha yake yote, na imamu alihamia hapa baada ya mazishi.

Aliweka chini kikombe cha chai, akasema, “Anabisha mlango, mama. Anabisha kwa ndani.”

Kesho yake nilikwenda kufungua. Nilifagia, nikawasha mshumaa, na tangu hapo nafungua kila alasiri. Imamu akipita hutoa salamu, haingii. Ghizlane huja akakaa pembeni; anasema haamini chochote, ila siku akikaa pale analala vizuri. Na wanawake wameanza kurudi, mmoja mmoja, wakisimulia jicho lile.

Sasa nikueleze lililonifanya nishike kalamu. Nilikuwa na wivu, mdogo wangu. Mama alikuwa akiwaendea wageni, mimi mwanawe hajanijia hata siku moja. Nilitandika mkeka pale pale juu ya mwamba, nikalala, sikuota kitu. Niliamka nikiwa nimechoka tu, kama mtu aliyetembea mbali.

Alhamisi alikuja mwanamke kutoka Nador, hajawahi kufika huku. Aliponiona mlangoni alianza kulia, akanibusu bega, akanishukuru kwa nilivyomtembelea. Nikamwambia hatujawahi kuonana. Akasema nilimjia usingizini, nikamwambia asimngoje tena mwanawe aliyepanda mashua kwenda Hispania. Kwa neno langu ameshaweka matanga na kugawa nguo zake. Kisha akagusa kilemba changu, akanieleza lile kovu la moto lililo chini yake, lile ambalo hakuna anayelijua isipokuwa wewe na marehemu mume wangu.

Sikumwambia kwamba si mimi. Nilimwekea mkono kichwani kama mama alivyokuwa akifanya, naye akatulia. Nami sijui kama kijana yule amekufa kweli.

Mama amekufa, Hsayn, lakini mimi ni mzima. Nakula, nakohoa, nagombana na muuza mkaa. Sijui nikilala ninakwenda wapi, wala ninawaambia watu nini.

Nisalimie mkeo na uwabusu watoto kwa niaba yangu. Ghizlane naye anakusalimu bila kukujua. Na wewe ukiniona usingizini, niandikie nilichokuambia. Usikifanye kabla hujaniuliza.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Itto