Bati la Kulia na Mkwe Wangu

Tabora, Jumatano jioni. Mvua imekatika, ila mbingu bado imenuna, nami nimenuna kuliko mbingu.

Nimekaa kwenye baraza la hospitali. Mwanangu Agnesi yuko ndani anajifungua, na hawajaniambia kitu. Nikikaa bure nitapiga mayowe, basi naandika. Shule sikuiona hata mlango wake. Herufi hizi alinifundisha Agnesi mwenyewe, jikoni, kwa kipande cha mkaa.

Leo nimevunja mwiko. Heri niuseme mimi kabla wengine hawajausema kwa midomo yao.

Uchungu ulimshika asubuhi, kule kwetu Isikizya. Mkunga akampapasa tumbo, akanyamaza. Na mkunga yule hanyamazi hata kanisani! Mwishowe akasema mtoto amelala kikingama, yeye hamuwezi, mgonjwa apelekwe mjini haraka.

Gari lipo. Ni la mumewe, Kulwa: gari kuukuu la kabla ya vita, alilinunua bovu kwa karani wa Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, akalifufua kwa nyundo na matusi. Lakini Jumapili lilimzimikia katikati ya mbuga ya kwendea mjini, iliyojaa maji ya mvua. Maji yaliruka kutoka chini, plagi zikalowa, likavutwa na ng'ombe kama gogo. Mabati ya kukinga injini, moja kila upande, yalikwisha kuoza zamani. Kulwa alikuwa amekata mengine kutoka bati la paa, ila alikuwa hajayafunga. Na leo maji ya mbuga yamezidi yale ya Jumapili.

Bati la kushoto alilifunga peke yake. La kulia likamshinda. Upande huo kuna bomba la moshi, mkono wake haupiti. Alihitaji mtu asimame juu, ashike bati na nati, yeye alale chini ya gari akaze bolti. Wanaume wote walikuwa wamekwenda kuzika kijiji cha pili. Mkunga hawezi kumwacha mgonjwa.

Nikabaki mimi. Mama mkwe.

Kwetu mama mkwe na mume wa bintiye hawatazamani usoni. Akitokea njiani, mimi naingia vichakani. Tangu amwoe Agnesi nimemjua kwa kikohozi chake na kwa visigino. Nampenda sana kijana huyu, na sikujua hata pua yake ikoje.

Nikajifunika khanga usoni, nikageuza shingo, nikapenyeza mikono kwenye injini, napapasa. Maneno tukawa tunayapitisha kwa gari.

"Gari," akasema kutoka chini, "bati linyanyuke kidogo."

"Gari," nikajibu, "mwambie huyo mtu wako akaze upesi, mkono unakufa ganzi!"

Akakaza. Akatoka, akazungusha hendeli. Injini ikanguruma, kisha krrrr, chuma kikakwaruza chuma. Kumbe nililishika bati mshazari, likawa linagusa feni. Ndani ya nyumba Agnesi akalia kilio ambacho sijapata kukisikia kwake. Na matone ya kwanza yakaanza kudondoka.

Nikaivua khanga usoni.

Kulwa alikuwa amekwisha kuzima injini na kurudi chini ya gari, anafungua bolti. Nikainama mpaka kwenye matope. "Kulwa, baba, nionyeshe linagusa wapi."

Mwanamume mzima akafumba macho! "Mama, nakuomba, ondoka. Watu watasema nini?"

"Watasema tulimzika Agnesi kwa heshima. Fumbua macho, mpumbavu wewe, nimekwisha kukuona!"

Akafumbua. Machozi na grisi, vyote vimechanganyika. Akaninyooshea kidole: tuanze na matundu ya nyuma, ya mbele yatafuata yenyewe. Nikasimama, nikatazama kazi ya mikono yangu, na kwa upenyo wa injini nikamtazama yeye, naye akanitazama. Bolti zote zikaingia.

Mbugani maji yalifika kwenye vibao vya kukanyagia mlangoni. Nilimpakata Agnesi kiti cha nyuma, nasikia maji yakipiga mabati chini yetu, pwaa, pwaa. Injini ikakohoa.

Ikaendelea.

Hapo niliacha kuandika, nesi kaniita.

Ni mtoto wa kike. Wamempasua Agnesi, amepoteza damu nyingi, midomo yake ni myeupe. Lakini anapumua, na ameuliza mtoto yuko wapi. Nililia mpaka nesi akanipa kiti.

Kulwa alikuwa kule mwisho wa baraza, amegeukia ukuta. Watu wamejaa hapa, ningeweza kumtuma yeyote ampelekee habari. Sikumtuma mtu. Nilikwenda mwenyewe, nikasimama mbele yake.

"Mkeo mzima. Una binti."

Akapiga magoti pale pale sakafuni, mbele za watu. Akaniinulia uso. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nyanyuka, unachafua hospitali ya watu."

Kulwa ana pua ya marehemu babaye. Pana, nzuri.

Najua nikirudi wazee wa ukoo wataniita. Waniite. Nitakwenda na mjukuu mgongoni, na nitawauliza jambo moja tu: pale, na mwanangu analia vile, wao walitaka nitazame wapi?