Siku Walipomwandika Mume Wangu Mzima

Jumamosi, jioni. Mvua imeanza tena alfajiri na bado inanyesha, Ushirombo yote ni tope. Nimekaa mlangoni kwa sababu ndani kuna moshi, na moyo wangu leo haufai kwa lolote.

Mume wangu ni mzima. Serikali imesema.

Nacheka peke yangu kama mwehu. Masanja yumo ndani, amelalia ubavu wa kushoto. Wa kulia haulaliki tangu siku ile gogo la kuzuia udongo lilipokatika shimoni, huko kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, likamshukia nyongani. Wenzake walimtoa akiwa hai. Wenye mgodi wakampa blanketi na pole, akaletwa kwangu juu ya machela. Mfupa uliunga wenyewe, ukaunga vibaya. Mguu ukiutazama hauna neno, ni mguu wa Msukuma aliyelelewa kwa maziwa. Ubaya wote uko juu, mahali panapofunikwa na shuka. Pale pamebonyea kama sufuria iliyoanguka, na kidonda kimekataa kufunga.

Mimi ndiye ninayepaosha. Hapa kijijini hakuna mwingine aliyewahi kupaona.

Sasa jambo lenyewe. Juma lililopita mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba Bwana Shauri, mzungu wa serikali wa bomani, anakuja kuhesabu vilema. Atakayeandikwa kilema atasamehewa kodi ya kichwa, na mwenye mikono mizima atapewa kazi ya kukaa huko mgodini, kuchambua mawe chini ya kibanda. Asiyeandikwa, na kodi hana, atakwenda kuchimba barabara ya Masumbwe pamoja na wanaume wengine. Nusu ya kijiji haikumwamini. Watu hapa wakisikia kuhesabiwa wanakumbuka vita ya Wajerumani na Waingereza, jinsi wanaume walivyohesabiwa, wakapelekwa kubeba mizigo, wakapotelea huko. Jirani yangu Mama Kulwa alimficha binti yake asiyesikia kwenye shamba la mihogo. Nilimwona mjinga. Mimi nilisoma kwa masista, najua kuandika, basi nikajiona naijua na serikali.

Ovyo kabisa!

Mwanangwa alisema kila kilema aje na mzee wa nyumba yake wa kushuhudia kwamba hajifanyi. Mke hakubaliwi, eti mke atasema lolote. Masanja hana mtu huku. Wazazi wake walizikwa Shinyanga kabla sijamjua, na ndugu zake wametawanyika. Mzee pekee tuliyenaye ni mama yangu, kule Runzewe. Nikamtumia habari. Akaja kwa miguu, mayu wangu, na kuku kwapani wa kumshukuru Bwana Shauri.

Mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa hili, lakini naliandika, maana jana nimeona si kila mtu analijua. Mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Masanja akimwona mama njiani huingia kichakani mpaka apite. Mama akimletea chakula hukiweka chini, akaondoka, ndipo mwenzake akakichukua. Miaka yote hii wamependana hivyo, kwa kukimbiana, na mimi huwatania kwamba wamezidi fisi na mbuzi. Kuvua nguo mbele yake? Hilo halisemwi hata kwa mzaha.

Sote tulijua. Lakini mwaka jana, kabla Masanja hajaumia, Bwana Shauri aliwatazama tu watu wakitembea, akauliza, akaandika, basi. Tukadhani itakuwa vilevile. Tukapanga kwamba mama atasimama nyuma ya Masanja, mbali kidogo, aseme maneno yake, kila mtu arudi nyumbani.

Jana wamekuja na dresa.

Ndiyo, mtu wa dawa kutoka bomani, na kila aliyefika mezani aliambiwa aonyeshe ugonjwa wake. Kipofu alipita upesi. Mwenye ukoma alinyoosha mikono, akaandikwa. Ulemavu wa usoni na wa vidoleni una bahati yake. Ikafika zamu ya mume wangu. Mkongojo alikuwa ameuacha pembeni, kwa sababu mkwe wake yuko pale, na mbele ya mkwe mtu husimama wima. Jasho lilikuwa linamtiririka kwa maumivu. Mjinga wangu yule.

"Inua shuka," dresa akasema.

Masanja alibaki wima. Mama alielewa kabla ya mtu yeyote. Akageuka aondoke, askari akamrudisha, shahidi haruhusiwi kuondoka. Basi akafanya alichoweza. Alikaa chini kwenye tope, akawapa wote mgongo, akajifunika kaniki kichwa kizima.

Sijawahi kumwona mama yangu amekaa kwenye tope.

Masanja akashika fundo la shuka. Nilikuwa nimesimama na wanawake wenzangu, nikaviona vidole vyake. Nikasema moyoni, fungua, baba, fungua, hakuoni. Akaliachia.

Bwana Shauri akauliza mbona shahidi anajificha. Mkalimani ni mtu wa pwani, hata mwaka hajamaliza huku kwetu. Akasema labda mama anaona haya kwa kuwa amekuja kusema uongo. Mwanangwa akasogea kumweleza kwamba hayo ni mambo ya ukwe. "Desturi zenu baadaye, mzee, mvua hiyo inakuja," mkalimani akamjibu. Mimi nikapiga kelele kwamba mwacheni mama aende, mtu ataonyesha! Askari akanikaripia ninyamaze. Mgonjwa hataki kuonekana na shahidi hataki kuonekana, mgeni angefikiri nini kingine? Karani akaandika mzima, akaita mwingine.

Baraza lilipokwisha mkalimani akasimama juu ya kiti. Akatuambia Bwana Shauri amefurahi sana, vilema wa upande huu wamepungua kuliko mwaka jana, hiyo ni dalili kwamba nchi inaendelea. Tukaambiwa tupige makofi.

Tukapiga. Na mimi nilipiga.

Nawaza huko bomani, na mbali zaidi ya bomani, hesabu hiyo itakakofika. Mtu ataisoma na chai yake mbele, aone vilema wa Ushirombo wamepungua, amshukuru Mungu. Hatajua kwamba mmoja alikuwa kwenye mihogo na mwingine alikuwa amesimama pale pale mbele ya meza. Nina hasira, tazama haya maandishi yangu yalivyo.

Asubuhi nilimgombeza Masanja. Nilimwambia mama alikuwa amejifunika, mume wangu, amejifunika kichwa kizima, ulishindwa nini? Akasema, "Yeye alifunika macho. Mimi ningejua yupo." Nilitaka kumpiga na nilitaka kumkumbatia, sikufanya hata moja, nikatoka nje kuchanja kuni zilizolowa.

Mama alikuwa ameshajifunga mzigo wake. Alikataa hata uji. Kabla ya kuondoka alizunguka nyuma ya nyumba, upande anakolala Masanja, akasema na ukuta: "Baba, nisamehe. Nilikuja kukusaidia." Kwa ndani yakasikika makofi, polepole, vile mtu wa kwetu anavyomwamkia mkwe asiyeweza kumtazama. Mama akajibu kwa makofi yake. Kisha akaingia kwenye mvua, na kuku ameniachia mimi.

Nimelia, nisidanganye. Nimelia kuliko siku ile Masanja alipoletwa kwenye machela. Siku ile nilijua nani wa kumlaumu, hata kama ni gogo tu.

Leo sijui. Angefungua lile fundo tungekuwa tunafungasha kwenda kwenye kazi ya kivulini, na mama yangu asingerudi tena hapa maisha yake yote, na mume wangu asingeweza kula kwa aibu. Hakufungua, na kesho kutwa anatakiwa barabarani na sululu. Amekwisha kuniuliza iko wapi. Amenipiga jicho kana kwamba mimi ndiye niliyeificha, na kweli ndiye niliyeificha.

Nitamwonyesha, nifanyeje.

Jumatatu nitaamka kabla yake, nikioshe kidonda, nimfunge nyonga kwa kitambaa kikavu. Halafu nitachukua jembe langu nimfuate mpaka barabarani. Atakapochoka atakaa, mimi nitachimba. Na msimamizi akiniuliza mwanamke huyu amefuata nini hapa, nitamwambia serikali iliandika mtu mzima, bwana, nami nimeleta ile nusu iliyopungua.